Wimbo mnaouimba Meru na Embu una mwenyewe. Mbona jina lake hamlijui?

Fanya hivi jioni ya leo. Kama una kaka au dada mdogo anayeimba kwaya shuleni, awe Embu mjini, Runyenjes, Nkubu au kule juu Maua, muulize: huo wimbo wenu wa tamasha umeandikwa na nani? Atakutajia mwalimu anayewafunza. Muulize tena taratibu: sijasema anayewafunza, nimesema aliyeuandika. Hapo utaona macho yakizunguka. Mmoja atakwambia "ni wa kienyeji tu". Mwingine atasema "tuliupata kwa fotokopi".

Nimeuliza swali hilo mara nyingi, kwa watoto wa shule, kwa wanakwaya wa kanisa, hata kwa walimu wenyewe. Jibu ni lilelile. Na mwaka ujao tutakuwa na sherehe kubwa juu ya swali hilohilo ambalo hatuna jibu lake. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927. Piga hesabu. Mwaka wa 2027, wakati wewe na mimi tutakuwa tunasukumana kwa foleni ya kupiga kura, tamasha litakuwa linafikisha miaka 100. Hotuba zitatolewa, keki itakatwa, na nina hakika kwaya zitaimba vizuri sana nyimbo ambazo hakuna anayejua zilitoka kwa kichwa cha nani.

Najua ukisikia "muziki wa klasiki" akilini unaona mzungu mwenye wigi jeupe na watu waliokaa kimya ukumbini wakiogopa hata kukohoa. Ukijitahidi sana unaona Nairobi: ile Conservatoire ya tangu 1944, au vijana wa Ghetto Classics pale Korogocho na fidla zao. Sawa, heshima yao wanayo. Lakini toa wigi, toa ukumbi, toa fidla. Unabaki na nini? Unabaki na muziki ambao mtu mmoja ameuwaza, akauandika sauti kwa sauti, ili watu wengine asiowajua wauimbe hata kama yeye hayupo. Basi, ni hivyo tu.

Kwa kipimo hicho, wewe uliyeimba alto kidato cha pili ulikuwa mwanamuziki wa klasiki, usinicheke. Na si klasiki ya marehemu. Ukumbi mkubwa wa Ulaya unaweza kupiga msimu mzima kazi za watu waliokufa miaka 200 iliyopita. Kwaya ya shule moja ya Embu, kwa muhula mmoja, inaweza kuimba wimbo wa lazima wa mzungu wa kale, halafu mpangilio mpya wa wimbo wa jadi, halafu wimbo wa mada uliotungwa juzi na mtu ambaye sasa hivi yuko darasani anafundisha Hisabati. Watunzi hai tunao, na wanaimbwa. Shida ni kwamba wanaimbwa kama hawapo.

Tulifikaje hapa? Rudi nyuma kidogo. Wamishonari wa Kianglikana walifungua Kigari, Embu, mwaka wa 1910. Wakonsolata walifika Meru 1911. Wamethodisti wakaja 1912, wakajenga Kaaga. Chogoria, ya Kanisa la Scotland, ikafuata 1922. Ukipanda gari Embu kwenda Meru leo, njia yote ile ya milima na mabonde unapita kwenye mpaka wa makanisa bila kujua: huku Waanglikana, pale Wapresbiteri, mbele Wamethodisti, na Wakatoliki kila mahali. Kila mmoja alikuja na dawa, ubao, na kwaya.

Na kwaya ilikuja na solfa. Zile herufi d, r, m, f zenye nukta mbili na vistari ambazo uliziona ukadhani ni fomula ya Kemia. Mfumo huo uliboreshwa Uingereza na mchungaji John Curwen miaka ya 1840, akichukua kazi ya mwalimu aliyeitwa Sarah Glover, ili watu wa kawaida wasio na piano waweze kusoma muziki. Ulipotoka kwao mpaka huku ukawa kitu cha maana kuliko wao wenyewe walivyopanga, kwa sababu mahitaji yake ni karatasi na kalamu tu. Unaweza kutunga wimbo wa sauti nne ukiwa kwenye matatu ukielekea Ishiara. Wengi wametunga hivyo.

Hapo ndipo mtunzi wetu anaanza kazi, na kazi yenyewe ni ngumu kuliko tunavyodhani. Kimeru na Kiembu ni lugha za toni, si kama Kiswahili ambacho mkazo wake umetulia pale kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno lilelile, sauti ikipanda pahali ilipotakiwa kushuka, linageuka kitu kingine. Sasa chukua tenzi ya Kizungu yenye beti tano. Muziki ni mmoja, maneno ni tofauti kila ubeti, na toni zake tofauti. Ndiyo maana ukikaa na wazee kanisani wakati mwingine utaona mmoja anatabasamu peke yake katikati ya wimbo wa huzuni. Amesikia kitu. Nyanya yangu kule Kianjokoma aliwahi kuniambia kwamba kuna wimbo mmoja wa ibada ambao ameuimba miaka hamsini, na mpaka leo mstari wa pili haumkai sawa mdomoni.

Mtunzi anayejua kazi yake anaanza upande ule mwingine. Anasikiliza maneno yanavyopanda na kushuka mtu akiyasema tu, halafu anaufanya muziki ufuate. Ghana walikuwa na Ephraim Amu, aliyezaliwa 1899, ambaye aliufanya huo kuwa msimamo wa maisha yake, na leo jina lake linatajwa shuleni kwao. Sisi tunao watu wanaofanya kazi hiyohiyo. Halafu kuna ngoma. Umeona wapigaji wa Chuka? Ile ngoma ndefu imebanwa kati ya mapaja, mpigaji anapiga huku anacheza, mapigo mawili na mapigo matatu yanatembea pamoja mpaka hujui uguse chini mguu gani. Sasa jaribu kuiandika hiyo kwa besi kumi na mbili wa kidato cha tatu, bila ngoma yenyewe, kwa midomo tu, halafu juu yake uwekee soprano wimbo wa jadi wa mavuno. Mwenye kufanya hivyo na kikaeleweka ni mtunzi. Kumwita "mwalimu wa kwaya" peke yake ni kama kumwita fundi aliyejenga nyumba "yule jamaa wa funguo".

Sasa niseme lililonileta.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo na mimi hatukuelewana, nikarudi Embu nikapata kazi kwenye saiba. Kuprinti, KRA, kuomba cheti cha tabia njema, unajua. Siku moja mwalimu mmoja alikuja kufotokopi karatasi za solfa, nikamwonyesha kosa kwenye mstari wa tena. Akashangaa. "Kumbe unasoma hii kitu?" Kuanzia hapo nikawa na biashara ya pembeni. Msimu wa tamasha ukikaribia, walimu wa kwaya na wale wakufunzi wa kukodiwa wanaozunguka shule hadi shule walikuwa wananiletea nyimbo niwapigie taipu kwa MuseScore, programu ya nota ambayo ni ya bure. (Ile nyingine ya kununua inaitwa Sibelius. Nimekutana na watu wazima wanaoitumia kila siku na hawajui kwamba Sibelius ni mtunzi wa Finland. Ona sasa, hata huyo jina limebaki na mtu mwenyewe ametoweka.) Nilikuwa nalipisha mia tatu wimbo mzima. Usiulize kama ilitosha.

Akaja mkufunzi mmoja na fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Unajua ile inakuwa na madoa meusi pembeni na mistari imeenda mshazari. Juu kulia, pale jina la mtunzi huwekwa, mashine ilikuwa imekata. Kulibaki mkia wa maandishi ya kalamu, herufi mbili tatu ambazo hungeweza kuapa ni zipi. Chini kulikuwa na tarehe, na mwaka ulisomeka: 1998. Nikamuuliza, hapa niweke nani? Hakufikiri hata sekunde. Weka jina la shule, akasema, halafu andika "mpangilio", uweke langu.

Nikaweka. Sikubishana, wala sikushtuka, na sitakudanganya kwamba roho iliniuma usiku huo. Alinilipa mia tatu na soda juu.

Wiki kadhaa baadaye nilienda kusikiliza mashindano. Kwaya ile iliimba wimbo ule na ukumbi ukanyamaza, ule unyamavu wa kweli, si wa kuamrishwa. Jaji alipotoa maoni yake alimsifu mpangaji kwa jinsi alivyoingiza alto kwenye sehemu ya tatu. Mkufunzi akainama kidogo. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mikono hii. Na ndipo nikaelewa nilichofanya, kwa sababu mimi peke yangu pale ndani nilijua kwamba kulikuwa na mkia wa jina, na mimi ndiye niliyeumalizia kuufuta.

Faili hiyo ilisambaa kwa makundi ya WhatsApp ya walimu wa kwaya. Miaka miwili baadaye mwalimu kutoka upande wa Meru aliniletea PDF niipunguzie sauti za juu kwa sababu wasichana wake hawafiki. Nikaifungua. Ilikuwa kazi yangu, hata kosa langu dogo la nukta lilikuwepo. Jina la juu lilikuwa la mtu wa tatu.

Nikisema hivi, usidhani nasaka wezi. Wakufunzi hawa nawajua, wengi ni vijana kama mimi, wanalala kwenye bweni tupu la shule wiki mbili wakifunza watoto, na malipo yenyewe wakati mwingine yanakuja baada ya kupiga simu mara ishirini. Shule inataka kombe. Kombe linataka wimbo ambao majaji hawajauchoka. Msee wa kukodiwa akisema "huu ni wangu" bei yake inapanda. Akisema "huu ni wa mtu mwingine" anaonekana kama tapeli. Mfumo wenyewe unamlipa anayefuta jina.

Na sheria? Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haihitaji uwe maarufu, wala wimbo uwe mzuri. Inataka tu uwe umetia bidii ya kutosha kuifanya kazi iwe na upekee wake, na uwe umeiandika au umeirekodi. Karatasi ile ya 1998 inatosha. Sheria hiyohiyo inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, hata kama mapato yamekwenda kwa mwingine.

Lakini hapo kuna kona. Mwalimu mmoja wa Meru, mtunzi hasa, nilimuuliza kwa nini haandiki jina lake kwenye karatasi zake. Alicheka. Akaniambia, kijana, mimi nimeajiriwa. Nikitunga kwa ajili ya kwaya ya shule, mchana, kwa chaki ya shule, huo wimbo ni wangu au ni wa mwajiri? Si swali la kijinga. Sheria inasema kazi uliyoifanya ndani ya ajira yako ni ya mwajiri, msipokuwa mmekubaliana vingine. Sasa mwalimu wa Hisabati anayetunga wimbo saa tatu usiku amefanya kazi ya ajira? Mawakili wanaweza kubishana hapo mpaka jogoo awike. Ila kutajwa jina ni jambo lingine kabisa na halihitaji mwajiri yeyote akubali. Mwalimu alilijua hilo. Alinyamaza tu, kwa sababu jina huleta maswali, na yeye amebakisha miaka michache astaafu.

Kuna wale watakaosema, wimbo wa jadi ni wa jamii, huyo mtunzi anadai nini? Hoja hii naiheshimu kuliko ile ya kwanza. Wimbo wa mavuno wa Waembu hauna mwenye, au mwenye ni sisi sote. Kweli. Tena kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na sheria hiyo imezipa serikali za kaunti kazi ya kuweka daftari la mambo hayo. Nenda kwenye ofisi ya utamaduni ya kaunti yako, Meru au Embu, uulize hilo daftari. Nenda tu, ni haki yako. Lakini usichanganye vitu viwili. Mavuno ni ya jamii. Namna besi walivyogeuzwa kuwa ngoma ya Chuka ni ya mtu mmoja aliyekesha. Kahawa ni ya mlima, kikombe amekichemsha mtu.

Na tusijifanye hatujui kufuatilia asili ya kitu. Kule Maua ukinunua kangeta, muuzaji atakwambia imetoka upande gani, kwa mzee gani, na imechunwa asubuhi au jana. Mteja akidanganywa anajua kwa kutafuna tu. Mmea una ukoo, wimbo hauna?

Tatizo hili si letu wa Mlimani peke yetu, lilianzia juu kabisa. Jaribu na swali lingine: wimbo wa taifa ulitungwa na nani? Unausimamia tangu chekechea. Haya, nakusubiri. Walikuwa jopo la watu watano, 1963: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Na muziki wenyewe waliutoa kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, kule Tana River. Kazi ya kupanga wimbo wa jadi kwa sauti za kwaya ndiyo iliyotupa wimbo wa taifa, yaani kazi ileile anayoifanya mwalimu wa Nkubu. Omondi baadaye aliongoza tume ya muziki iliyotoa ripoti 1984, na 1988 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Mambo ya kamati na tume tumeyaweza. Kitabu kimoja tu cha kumwambia mtoto "hawa ndio watunzi wa kwaya wa Kenya, na hizi ndizo karatasi zao", mimi kwenye shule yangu sikukiona. Arthur Kemoli, mwalimu wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, amewaimbisha Wakenya wangapi mipangilio yake ya Kiluhya? Nani anajua sura yake?

Linganisha na jirani. Ukiwa Mkatoliki wa Meru au Embu, Jumapili hii huenda utaimba Mtanzania. John Mgandu, Padre Gregory Kayeta, Bernard Mukasa, Joseph Makoye. Majina haya wanakwaya wetu wanayajua vizuri kabisa, wanabishana juu yake kama mashabiki wa mpira. Kwa nini? Si kwa sababu Watanzania wana vipaji kutushinda. Ni desturi ya karatasi. Karatasi ya Mtanzania ina jina juu, na mara nyingi chini ina tarehe na mji alikoandikia. Kuna tovuti ya Swahili Music Notes ambayo imejaza nyimbo hizi, unapakua bure, lakini jina linakuja na wimbo. Mtu hajalipwa, ni kweli, ila anajulikana, na anayejulikana anaitwa: kwenye semina, kwenye jubilei ya jimbo, kwenye kurekodi. Desturi hiyo ina mizizi. Padre Stephen Mbunga alikuwa akiandika misa kwa muziki wa Kibantu na jina lake likabaki juu yake, hata kabla Mtaguso wa Vatikano, Desemba 1963, haujafungua mlango rasmi kwa muziki wa wenyeji.

Uganda ni hadithi nyingine ya aina hiyo. Joseph Kyagambiddwa aliandika oratorio ya Mashahidi wa Uganda, ikaimbwa Roma mwaka wa 1964. Baadaye Justinian Tamusuza wa Makerere aliandika kazi ya nyuzi nne iliyojaa midundo ya Kiganda, Kronos Quartet wa Marekani wakaipiga kwenye albamu ya Pieces of Africa, 1992, na dunia ikamjua kwa jina lake kamili. Hakuna aliyesema "ni ya kienyeji tu".

Halafu kuna hii inayoniuma na kunichekesha kwa pamoja. Kwaya za mbali, Marekani mpaka Asia, zinaimba wimbo mmoja wa Kiswahili kuliko pengine nyingine yoyote: Baba Yetu. Si wa kwetu. Umetungwa na Christopher Tin, Mmarekani, kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV, 2005, na 2011 ukampatia Grammy, wa kwanza kwa muziki wa mchezo wa kompyuta. Sina ugomvi naye, wimbo ni mtamu. Lakini mwanakwaya wa huko anayeuimba bila kujua maana ya "utupe leo" anajua jina la mtunzi. Mwanakwaya wa Runyenjes anaimba kwa lugha ya nyanya yake na hajui.

Kwa nini nalisema sasa? Kwa sababu Januari mwaka huu wa 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na mmoja wa ile mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, Muziki na Densi ikiwemo. Watoto hawa watahitaji nyimbo za kuchambua darasani, si za kuimba tu. Mwalimu atawapa nini? Kama karatasi zetu hazina jina, hazina mwaka, hazina mji, hawezi kuzifundisha. Atarudi kwa yule wa wigi, kwa sababu wa wigi ana tarehe ya kuzaliwa. Na mtoto wa Tharaka mwenye kichwa cha utunzi atamaliza shule akiamini watunzi ni watu wa Vienna.

Sihitaji serikali iniundie tume nyingine. Tamasha tayari linakusanya karatasi, kwani jaji huwa anakaa na nakala mezani. Ongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kuingia: mtunzi, mpangaji, mwaka, mahali. Wasiojua waandike "hajulikani", na "hajulikani" zikizidi tutajua ukubwa wa shimo. Mtangazaji asome jina hilo kwa kipaza sauti kabla kwaya haijapanda. Nakala zihifadhiwe pahali. Mambo ya mrabaha, hao wakusanyaji wagombane na KECOBO kama walivyozoea, mimi sitashika pumzi nikiwasubiri. Na hata wakielewana, sidhani kuna mtu wa kuhesabu nyimbo zilizoimbwa kwenye bwalo la shule. Jina kwanza. Pesa hazina njia ya kumfikia mtu asiye na jina.

Wimbo ule bado ninao kwenye flashi. Ni wa Kiembu. Unaanza na besi peke yao, wanapiga ngoma kwa midomo, mapigo sita. Tena wanaingia juu yao kwa neno moja tu wanalolirudia. Alto wanaingia sehemu ya tatu kama watu waliochelewa kufika shambani, na soprano hawasikiki mpaka karibu katikati. Mwishoni kila mtu ananyamaza, msichana mmoja anaita, na hakuna anayemwitikia. Unaishia hapo.

Nimeifungua faili wiki hii, nikafuta jina nililoliweka mimi, nikaacha nafasi pale juu kulia. Chini nimerudisha 1998. Kama ni wako, au ni wa mzazi wako, au ulikuwa kwenye kwaya iliyouimba kwanza na unakumbuka nani alikuwa amesimama mbele yenu, niambie. Nitaipiga taipu upya, na hii mara si ya mia tatu.